Nilivyompeleka baba Msumbiji kwa barabara na pasipoti yake ya kwanza

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wengine hamjambo nyote. Haya si ya kuhadithiwa. Nilikuwepo mwanzo mwisho, na pasipoti zenyewe ziko mezani hapa ninapoandika.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, naishi Msambweni. Kabila langu Mmakonde.

Kwa wasiotujua: wazee wetu walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huku Kwale. Tukazaliwa hapa, tukazikana hapa, lakini miaka mingi hatukuwa na kitambulisho. Kenya hatumo, Msumbiji hatumo.

Baba yangu, Mzee Likonde, aliletwa na wajomba zake akiwa na miaka kama kumi. Dada yake mkubwa, Assunta, alibaki kule karibu na Mueda. Hawakuonana tena.

Jamani, msione kuishi bila karatasi ni jambo dogo. Baba hata Likoni alikuwa hafiki. Polisi kizuizini wakisema toa kitambulisho, atoe nini? Akisikia gari la serikali, anajitosa kwenye mihogo.

Serikali ilipotuandikisha uraia, akapewa cheti na kitambulisho. Akavifunga kwenye karatasi ya nailoni, akavilalia.

Sasa mwaka jana binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi Assunta, akanipata mtandaoni. Akanitumia sauti: "Mama yu hai, ila miguu haimbebi tena. Kila siku anamuulizia mdogo wake."

Nikaenda kwa baba.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Shangazi Assunta yuko hai."

Akaniuliza, "Mimi nitapita wapi?"

Hakuuliza nauli wala umbali. Aliuliza atapita wapi. Siku hiyo nikajifunga kibwebwe.

Kwanza nikajua kwamba kwa matembezi mafupi Mkenya haombi viza Tanzania wala Msumbiji. (Kagueni upya kabla ya kusafiri, mambo haya hubadilika.) Nikajiambia kazi imeisha. Thubutu!

Ombi la pasipoti likarudi. Cheti cha uraia kimeandikwa Tomasi Likonde. Kitambulisho kinasema Thomas Likonda. Na kosa ni langu wakuu, fomu ya kitambulisho niliijaza mimi, na mwandiko wangu mnaujua nyie mlioniletea vitambaa. Nililia, sifichi.

Wakili mmoja wa Ukunda akatuandikia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Tukarekebisha kitambulisho, ndipo tukaomba upya. Miezi minne mizima.

Siku ya mahojiano afisa akamuuliza, "Mzee, huyo dada mlionana mwisho lini?"

"Kabla sijaota ndevu."

Afisa akamtazama zile mvi za kidevuni, akaandika.

Pasipoti ikatoka. Kikaja cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Daktari akasema kwa umri wa baba chanjo hiyo ina hatari, akampa barua ya kumsamehe. Lakini ni ya Kiingereza, na kule wanasoma Kireno. Nikamtafuta sista mmoja aliyewahi kuishi Nampula, akaitafsiri pamoja na barua ya mwaliko ya binamu. Tukangoja pia binamu atuhakikishie usalama wa njia. Aliposema njooni, tukapanda basi.

Mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, afisa alikuwa mpole. Akasema kwa Tanzania kitambulisho kinatosha, atuandikie kibali cha muda.

Nikamwambia, "Samahani afande, tugongee muhuri kwenye pasipoti. Tutatoka kupitia Mtambaswala, tunaingia Msumbiji."

Hili lishikeni. Ukiingia kwa kibali halafu ukataka kutoka kwa pasipoti, utaulizwa uliingilia wapi.

Baba akaomba auone muhuri wake. Akaushika ukurasa wazi mpaka wino ukakauka, watu wakimpisha pembeni.

Tanga, Dar, Lindi, Masasi, hadi Mtambaswala. Tukavuka daraja la Ruvuma. Ng'ambo ni Negomano, Msumbiji.

Afisa wa pale akafungua pasipoti, uso ukabadilika. Akasema kwa Kiswahili, "Umezaliwa Mueda. Mbona pasipoti ya Kenya? Karatasi zako za Msumbiji ziko wapi?"

Nikaanza kutoa kila kitu: cheti, kiapo, barua.

Baba akanishika mkono. Akamjibu mwenyewe, kwa Kimakonde. Akataja kijiji, jina la babu yake, na kijito walikoteka maji. Hakuinamisha kichwa hata mara moja. Baba yangu, wakuu! Aliyekuwa akiikimbia sare!

Yule afisa naye akaingia Kimakonde. Wakazungumza. Hata hivyo hakugonga kwa mapenzi tu, alisoma zile barua za Kireno neno kwa neno, na cheti cha uraia akakigeuza mbele na nyuma. Kisha akaniuliza, "Siku ngapi?"

"Thelathini."

Paa! Muhuri.

Nilipiga kigelegele humo humo ofisini.

Tulimkuta shangazi Assunta kwenye mkeka uani. Macho yamefifia, lakini alimpapasa baba usoni, sikio moja baada ya jingine.

"Umechelewa," akamwambia.

Baba akapiga magoti. "Nilikuwa natafuta karatasi, dada."

Walikaa wiki tatu wakicheka kama watoto.

Nilichojifunza: linganisha majina kwenye kila karatasi herufi kwa herufi kabla hujaomba chochote, na barua iwe kwa lugha ya anayeisoma. Na usimhurumie mzee kwa kumwambia safari haiwezekani. Mwache akatae mwenyewe.

Kama nawe una mzazi mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, niambie hapa chini karatasi gani imekukwamisha. Waliopita Negomano karibuni, nirekebisheni nilipokosea.