Bwana Harusi Aliyetoka Kwenye Printa Akiwa Marehemu

Wacha nijicheke mwenyewe kwanza, maana watu wa kwetu Nunguni walishanicheka wakachoka. Mimi ndiye niliyemuua bwana harusi kwa kompyuta.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na kiduka cha kuchapa, na kompyuta yangu ya mtumba niliiringia kupita kiasi. Rafiki yangu wa Machakos, ambaye kazi yake ilikuwa matangazo ya matanga, akanipa disketi yenye programu ndogo ya kupamba kurasa (ya bure, na mimi cha bure sikatai), ile ya kujichomeka ndani ya programu ya kuchapia na kukaa humo kimya. Nikaiweka. Siku iyo hiyo nikachapa ratiba za harusi ya Mutua, dereva wa lori, na Mwende. Kwenye skrini zilipendeza, stima ilikuwa ikicheza, taa zikizimika na kuwaka, basi nikaziprinti, nikazifunga bila kuzisoma, nikakimbia kanisani.

Mutua hakuwa amefika. Alitoka Mtito Andei alfajiri na hakuna aliyemwona tena. Ratiba zikagawiwa, na wimbo ukakatika benchi baada ya benchi, kuanzia mbele hadi nyuma. Mamake Mwende akanijia na karatasi mkononi.

"Kijana, umesikia nini huko barabarani? Sema tu."

Juu kabisa, chini ya msalaba mweusi, iliandikwa: Marehemu Mutua.

"Mwaitu, mama yangu, mimi sikuandika hivyo," nikasema, na Mwende akaanguka, amezimia.

Mchungaji akanivuta mkono hadi dukani. Kwenye skrini, Mutua. Kwenye karatasi, Marehemu Mutua. Tukarudia, yakatoka yale yale. Mchungaji akaanza kukemea pepo, nami nikawa naondoa kila nilichowahi kuongeza kwenye mashine, kimoja kimoja, nikiprinti upya kila mara. Nilipotoa ile ya Machakos, karatasi ikatoka safi (kumbe rafiki yangu aliipanga iongeze msalaba na neno lile mbele ya jina la kwanza, wakati wa kuprinti tu). Nikairudisha nihakikishe, safari hii nikaandika jina langu. Printa ikakwaruza, karatasi ikapanda polepole: Marehemu Josphat.

"Toa hiyo kitu," mchungaji akasema, tayari yuko mlangoni.

Mutua alifika saa nane, vumbi tupu, pancha mbili njiani. Watu wakampisha, hakuna aliyempa mkono, mpaka mamake Mwende alipomgusa shavu, akamgusa tena, ndipo akalia na harusi ikaanza.

Tangu hapo siweki programu ya mtu kabla ya kujua yeye aliitumia kwa kazi gani. Karatasi yenye jina langu niliichoma nyuma ya duka nikaisimamia mpaka ikawa jivu. Lakini hata leo, nikiingia mahali watu wakanyamaza ghafla, huwa najigusa shavu.