Mwereka wa Posa

Kisa hiki alinisimulia kwanza bibi yangu mzaa baba, mwaka niliomaliza sekondari, tukipura uwele nyumbani Ihumwa.

Baba mkwe wake alikuwa mwanamieleka ambaye mgongo wake haukuwahi kugusa vumbi. Wakati wa Mjerumani, askari wa boma walimpa kazi ya kuwabana chini watu waliochapwa viboko, naye hakukataa. Tangu hapo watu waliacha kumshangilia.

Baadaye alikwenda kumposea mwanawe binti wa mmoja wa wale aliowabana. Mwenye nyumba hakuuliza habari za ng'ombe. Alivua shuka, makovu yakaonekana, kisha akamshika mgeni kiunoni mbele ya watu wote.

Mwanamieleka akaanguka chali.

"Umejiangusha," mwenye nyumba akasema.

"Umenibwaga, ndugu yangu."

"Ungejua kulegea hivi kule bomani, ningetoroka."

Akamwinua kwa mkono, akaagiza pombe iletwe. Posa ikapokewa.

Makosa ya mzee wetu siwezi kuyatetea. Wazee wale wawili wamekwisha kufa, na babu pia. Bibi, aliyeposwa siku ile, yu hai, na ukimuuliza atakuambia kwamba baba mkwe wake aliteleza.