Mwaridi wa Shangazi

Shangazi yangu alipiga pasi katika jumba la tajiri mmoja ufuoni miaka ishirini na sita, na mkono wake wa kulia mpaka leo haupandi kupita bega. Kiinua mgongo chake kilikuwa mapazia mawili yaliyofifia. Tajiri akafa, wanawe wakagombana, serikali ikachukua jumba na ufuo wake ikafanya hifadhi. Mimi nikapata kazi humo, kung'oa mimea ya kigeni. Nikajiona nimeula.

"Nipeleke nikaone," shangazi aliniambia. "Miguu hii haina mwaka mwingine."

Nilidhani anataka kuitazama bahari bila kufukuzwa. Njiani ndipo akafungua moyo. Kabla sisi hatujazaliwa, alijifungua mtoto wa kiume katika chumba cha pasi. Mtoto akaishi siku tatu. Tajiri hakutaka wageni wake waone kaburi la mtumishi, basi wakamzika nyuma ya ukuta bila hata jiwe, naye shangazi akapanda mwaridi juu yake ili asije akampoteza. Mbwa wa tajiri waliozikwa humo wana mawe ya kaburi, tena yenye majina, na watalii huyapiga picha. Jambo hilo lilikuwa likiniudhi siku zote. Siku hiyo nilitamani kuyavunja.

Lakini lilikuwapo jambo jingine ambalo sikumwambia.

Chumba cha pasi sasa kinauza tiketi. Nyuma ya ukuta palikuwa na nyasi tupu mpaka mchangani.

"Mwaridi uko wapi?"

Ulimi wangu ulitaka kusingizia ukame. Nikashindwa. "Niliung'oa mimi, shangazi. Mwezi uliopita. Walisema si mmea wa hapa."

Afadhali angenitukana. Aliitazama mikono yangu tu.

"Ulichimba kiasi gani?"

"Mpaka gotini."

"Basi hukumfikia." Akashusha pumzi. "Nionyeshe lilipokuwa shimo."

Hakujua kwamba mwaridi wake mmoja ulikuwa umezaa vichaka thelathini na kitu. Vyote niliving'oa, mashimo tukayafukia, tukapanda nyasi. Nilizunguka huku nikijifanya napima hatua kutoka ukutani. Mwisho nikanyoosha kidole.

"Hapa."

Akapiga magoti kwa taabu, mkono mmoja begani kwangu. Akaweka kiganja kwenye nyasi, akamwita mwanawe kwa jina ambalo nyumbani hatujawahi kulisikia.