Mkono wa Kushoto wa Mjomba

Watu wa Mafiga, hapa Morogoro, wanaonifahamu watakuambia nina mdomo. Ni kweli, sikatai. Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita, na mwalimu wa darasa la tatu asiye na mdomo hamalizi muhula. Nimegombana na wenye maduka, na mafundi, na padri mmoja, na wote nimewashinda. Lakini kuna neno moja nilipaswa kulisema nikashindwa, na limenikaa kooni mpaka leo.

Neno lenyewe linamhusu mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa mpiga piano. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuja na zawadi za Krismasi tu. Ukoo wetu ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye sauti. Ndiye aliyenipeleka shule, ndiye aliyenichapa nilipotoroka shule, na ndiye aliyenipa gitaa la besi nikiwa na miaka kumi na saba, wakati mama yangu aliona bora anipe jembe.

Yeye alizaliwa juu kule Mgeta, na kinanda chake cha kwanza kilikuwa kile cha kukanyaga cha kanisani, ambacho miguu yake ilikuwa haikifikii vizuri. Alipokuwa kijana akashuka kutafuta kazi, akapata ya jikoni Mazimbu, enzi zile wapigania uhuru kutoka Afrika Kusini walipokuwa na shule yao pale. Akimaliza kuosha masufuria alikwenda kukaa karibu na piano yao, mpaka mmoja wao akamhurumia akamsogezea kiti. Huko ndiko alikookota jazi. Si ile ya dansi tuliyoizoea sisi, ya magitaa na tarumbeta. Hii ilikuwa ya watu wachache wanaosikilizana.

Baadaye alipiga vinanda vya umeme katika bendi za dansi, kwenye harusi na hotelini, kwa sababu mtu lazima ale. Alipofika uzeeni akasema harusi basi. Tukabaki watatu: yeye kwenye piano, mimi kwenye besi, na kwenye dramu Mnyamwezi mmoja aliyestaafu kiwanda cha tumbaku. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na hawa wawili waliufanya utani kuwa kazi ya kudumu. Miaka ishirini sikuwahi kuwasikia wakisalimiana bila kutukanana kwanza.

Kitu ambacho watu walimjulia mjomba ni mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uliimba vizuri, sawa, lakini wa kushoto ulikuwa unatembea. Ulianza chini kabisa, ukapanda taratibu, ukashuka kwa njia nyingine, na wewe mpiga besi ulilazimika kuufuata kwa adabu. Nilijifunza kupiga kwa kuufuata mkono ule. Naufahamu kuliko ninavyofahamu Rozari, na Mungu anisamehe.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akipiga mswaki, mvua za masika zikinyesha. Alikaa hospitali wiki tatu. Mdomo ukarudi, mguu ukarudi kwa kuchechemea, lakini mkono wa kushoto ulirudi na vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada. Vile vingine vitatu vililala, havikuamka tena. Nilipoviona mara ya kwanza juu ya shuka nilitoka nje nikalia kwenye ukuta wa choo cha hospitali, mtu mzima mimi.

Alipotoka akahamia kwangu, na piano yake tukaileta kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, majirani wakaibeba kuingiza chumba cha nyuma. Akajifungia nayo miezi minane. Kila nikipeleka uji nasikia kupitia mlangoni noti moja, kisha kimya kirefu, kisha noti nyingine. Siku hizo moyo uliniuma sana. Mtu aliyekuwa akijaza ukumbi mzima sasa anapiga noti moja kama mtoto anayejifunza. Nilidhani anashindwa. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma ya bure.

Kisha walimu fulani wa chuo wakamwalika apige Jumapili moja alasiri, katika ukumbi mmoja kule Mazimbu, ambako siku hizi ni chuoni kwao. Akakubali bila kutuuliza. Nilimwambia apumzike, afya bado, watu hawana dogo. Akaniangalia kwa yale macho yake ya kimjomba.

"Mwanangu," akasema, "nataka wanisikie nilivyo sasa. Nikishasikiwa mara moja hivyo, inatosha."

Nililisikia neno hilo kwa masikio haya mawili. Sikulielewa, au sikutaka kulielewa.

Mazoezi yakaanza. Mkono wa kulia ulikuwa ule ule, wa kushoto unagusa noti moja chini, unaondoka, unaacha pengo. Mimi nikaona pengo nikaogopa. Kwa hiyo nikalijaza. Pale ambapo mkono wake ungetembea, besi yangu ikatembea, kwa mapigo yale yale, kwa kona zile zile, hadi mtu akifumba macho asingejua kitu kimebadilika. Nilijivunia. Nilisema moyoni, nitamsitiri mjomba wangu, hakuna atakayejua.

Kumwuliza sikuthubutu. Mpwa hawezi kumwambia mjomba wake kwamba mkono wako umekufa, tufanyeje. Ni heshima, na ni woga umevaa nguo za heshima. Mtani ndiye mwenye ruhusa. Na kweli, siku ya pili tu Mnyamwezi akaweka fimbo zake za dramu magotini akasema, "Mluguru, huo mkono umekuwa gunia la kabichi. Tukodi lori la Mgeta likubebee?"

Nilishtuka, nikataka kumrukia. Mjomba akacheka hadi akakohoa. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu," akamjibu, "wewe vijiti viwili vinakutoa jasho."

Tulipotoka nje Mnyamwezi akanivuta pembeni. "Mwalimu, mbona unamzibia? Mwache apige."

"Apige na nini?" nikamjibu. "Wewe unatania, mwenye uchungu ni mimi."

"Haya," akasema, akapanda baiskeli yake akaenda.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Walikuja wazee waliomjua tangu enzi za dansi, wanafunzi wa chuo, masista wawili, na wale waliosikia kwamba mzee amepona wakataka kuhakikisha. Mjomba alivaa koti la kahawia, akatembea na fimbo yake mpaka kwenye kiti, akakaa. Tukaanza, na mimi nikafanya kazi niliyoijua. Nilijaza kila pengo. Watu walitikisa vichwa, simu zikainuliwa juu, kufikia wimbo wa nne ukumbi mzima ulisimama. Nilisikia mzee mmoja safu ya mbele akimwambia mwenzake, "Umeusikia mkono wa kushoto? Kiharusi gani bwana." Nilifurahi, ninakiri. Nilihisi nimemshinda shetani.

Wakati wa mapumziko tulikaa chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Mjomba alikunywa maji, akajifuta uso.

"Mwanangu, nikuombe kitu."

"Naam, mjomba."

"Mkono wangu wa zamani nimeshauzika. Nimeulilia, nimemaliza matanga. Sasa wewe unaufukua unauchezesha mbele za watu."

Akaendelea, polepole, kwa sababu maneno marefu yalikuwa yanamchosha. "Miezi minane natafuta namna ya kupiga na vidole viwili. Nimeipata. Nimekuja hapa leo niwape hiyo, na hawajaisikia."

Hasira ikanipanda. Shukrani ya punda ni mateke, nikasema moyoni. Kwa mdomo nikasema, "Mjomba, nilikuwa nakusaidia. Wangekucheka."

"Wacheke. Umri huu, kicheko kitanifanya nini?"

Nilitazama upande wa Mnyamwezi anisaidie na mzaha wowote. Aliinuka akasema anakwenda kukaza ngozi za dramu, akatuacha wawili. Mjomba akanishika bega kwa ule mkono mbovu. Ulikuwa mwepesi. "Nipe nafasi yangu," akasema. "Hiyo tu."

Tukarudi jukwaani. Wimbo wa kwanza wa kipindi cha pili ulikuwa wa kanisani, ule wa matoleo aliojifunza utotoni Mgeta. Akapiga noti moja ya chini kwa dole gumba, akauinua mkono. Vidole vyangu vikawasha. Pengo lilikuwa pale, wazi, kubwa kuliko nilivyokumbuka, na watu wote wanatazama. Nikauweka mkono wangu juu ya paja nikaubana.

Noti ile ikalia peke yake, ikafifia, na ilipokaribia kuisha kabisa ndipo mkono wa kulia ukaingia, chini, bila haraka, kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Kisha kimya tena. Kisha vidole viwili vikagusa mahali nisipopatarajia, si pale mkono wa zamani ungekwenda, na wimbo mzima nilioujua tangu komunio ya kwanza ukageuka ukawa wa huzuni ambayo sikuwahi kujua imo ndani yake. Mnyamwezi alikuwa anafagia tu ngozi kwa brashi. Mimi nilipiga noti chache sana, na kila nilipopiga nilikuwa nimeulizwa kwanza. Hayo mapengo niliyoyaogopa hayakuwa matupu. Alikuwa ameyapima, kila moja na urefu wake, na ndani yake unasikia noti iliyopita ikiondoka na unangojea ijayo bila kujua itatoka wapi. Miezi minane nilipeleka uji kwenye ule mlango, na hiki ndicho kilichokuwa kikipikwa ndani.

Nililia nikiwa nimeshika gitaa. Nimepiga naye miaka zaidi ya thelathini, na siku hiyo ndiyo nilimsikia.

Ukumbi haukusimama. Jioni ilikuwa inaingia, wenye safari wakaanza kutoka, wengine wakanong'ona, simu zikarudi mifukoni. Hakuna aliyecheka, lakini makofi ya mwisho yalikuwa ya adabu tu. Mwanamke mmoja, mwalimu wa chuo, akanifuata nikifunga gitaa langu. "Mzee alichoka kipindi cha pili, eeh? Cha kwanza alikuwa moto."

"Ndiyo," nikasema. "Alichoka."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mtu wa mdomo kama mimi.

Mjomba mwenyewe alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu augue. Tulisimama stendi ya Msamvu akaagiza mishkaki na ndizi, akala kwa mkono wa kulia, wa kushoto umelala mapajani. Mnyamwezi akamwambia akimaliza ndizi atamkata zile nywele za masikioni, na mjomba akamwambia aanze na za kwake. "Tutarudia," mjomba akaniambia. "Mara nyingine tuanze hivyo tangu wimbo wa kwanza." Nikamwahidi.

Wiki tisa baadaye kikaja kiharusi cha pili. Hiki hakikuacha kitu.

Tulimzika Mgeta, kwa mama yake na bibi zake. Gari likafika lilipofika, vijana wakapokezana jeneza kwenye kile kinjia cha mlimani, katikati ya vitalu vya karoti, watu wameacha mashamba wamesimama na majembe mikononi. Mama yangu alingoja juu. Magoti yamemfunga, ana miaka mingi hajashuka mjini, na kaka yake alikuwa amemsikia kwenye kile kinanda cha kukanyaga tu. Mambo ya piano alikuwa akisimuliwa tu. Siku ya onyesho alikuwa amesali tasbihi nzima ili lisiharibike.

Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai, chakula kinaandaliwa. Binamu yangu mmoja akaunganisha simu yake na spika, akasema ana video ya mjomba kule Mazimbu, watu wamerushiana kwenye magrupu yote. Nilijua kabla hajabonyeza. Ilikuwa ya kipindi cha kwanza, wimbo wa nne, ule waliosimama. Cha pili hakuna aliyekirekodi.

Akabonyeza. Besi yangu ikatembea pale, ikapanda, ikashuka kwa kona zake. Nikasikia watu wakianza kulia, na mmoja akisema jamani ule mkono, ule mkono.

Mnyamwezi akainuka. Mtani msibani ana ruhusa ya kufanya lolote, kwa hiyo hakuna aliyemzuia alipokwenda akaizima spika. "Mnamlilia nani hapo?" akauliza. "Huyo si yeye. Mwenye wimbo huo yupo hapa, hai, anasubiri pilau." Watu wakacheka huku wanafuta machozi, kama inavyotakiwa. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa amenifungulia mlango, amefanya alichoweza, kilichobaki ni changu.

Nikasimama. Wallahi nilisimama, na maneno yote yalikuwa tayari.

"Mtani," mama akasema kutoka kwenye mkeka wake, "tafadhali washa, baba. Mimi sijawahi kumsikia."

Mnyamwezi akaendelea kunitazama kidogo. Kisha akawasha, akarudi kukaa, akainamisha kichwa. Mama akanishika mkono akanivuta nikae karibu naye. Akawa anaubana kufuata mapigo, machozi yanamtoka, uso umefunguka kwa furaha.

"Sikia, mwanangu," akaniambia. "Sikia mkono wa kushoto wa kaka yangu. Na walisema umekufa."

"Nausikia, mama," nikasema, na wimbo ukaendelea.