Mazoezi ya Bega la Bi Zakiya

Shangazi yangu Bi Zakiya ana miaka sabini na mbili, na hajawahi kufanya jambo ambalo mtu mwingine anaweza kumfanyia. Kwa miaka kumi na mmoja mtu huyo amekuwa Pelagia, mama wa makamo aliyevuka bahari kutoka Karagwe kuja kumtumikia, ambaye huosha, hupika, hukunja mazulia na kumtafutia shangazi miwani aliyoivaa.

Mwaka huu Pelagia alikuwa na jambo lake moja tu: bintiye, Dativa, anaolewa mwezi wa sita. Likizo alishaahidiwa. Ndipo kano za bega la kulia la shangazi zikachanika, si kwa kazi, Mungu anajua, bali kwa umri. Daktari akasema mtu wa umri ule asikimbilie kisu. Afanye mazoezi kwanza, wiki kumi na mbili: kupandisha vidole ukutani na kuvuta kamba ya mpira kila asubuhi. Yasipofaa ndipo apasuliwe, na mkono ufungwe wiki sita. Wiki hizo zingemeza mwezi wa sita wote, na likizo pamoja nao, na Pelagia alizihesabu kabla yetu.

Basi kila asubuhi alisimama ukutani.

"Mama, njoo tufanye."

"Anza wewe, mwanangu, nikutazame. Nna maumivu leo."

Akaanza yeye. Shangazi akamtazama kutoka kwenye kochi, kikombe cha kahawa mkononi, akimsahihisha. Ikawa hivyo kesho, na keshokutwa, na miezi mitatu mizima. Pelagia mwenyewe alikuwa na bega bovu la miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake, mimi nikiwamo.

Wiki ya kumi na mbili nikawapeleka kwa daktari, mtaa wa Al Khuwair. Mkono wa shangazi haukufika hata sikioni.

"Mazoezi yamefanywa?"

"Kila siku ya Mungu," alisema shangazi, na kwa kweli hakusema uongo.

"Basi hayakufaa. Tupange upasuaji, mwezi wa sita."

Pelagia alikuwa hajawahi kufungua mdomo mbele ya daktari. Aliweka mkoba wa shangazi chini, akainua mkono wake wa kulia mpaka ukanyooka juu ya kichwa.

"Yanafaa, daktari. Mimi nilikuwa siwezi hata kuanika shuka. Yanamfaa anayeyafanya."

Daktari akamtazama yeye, akamtazama shangazi, akafuta tarehe ya upasuaji. Wiki kumi na mbili nyingine, akasema, na safari hii ayafanye mgonjwa.

Nilitoka pale na furaha kama anayeolewa ni mwanangu. Hatujafika barabara kuu, shangazi akasema kwa upole kabisa:

"Kusafiri sasa haiwezekani, Pelagia. Umemsikia daktari. Ukenda kwenu, mazoezi yangu atayafanya nani?"

Pelagia akageukia dirishani. Nikataka kusema neno. Lakini mabaibui yangu nayo hupigwa pasi na Pelagia, na wiki ile nilikuwa na harusi ya kwenda.