Vifaranga wa Rusimbi ni wa nani? Kesi iliyotushinda wakubwa, watoto wakaimaliza

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekaa hapa na kahawa yangu ya Kalinzi nikakumbuka jambo, nikaona nisilicheke peke yangu. Hii siyo chai, ni kweli tupu. Mke wangu yuko pembeni, nikikosea ananisahihisha.

Miaka ya tisini nilihamishiwa Kigoma kikazi, nikitokea Singida. Tukapanga Rusimbi kwa Bi Zuhura, mzaliwa wa Ujiji. Binti yetu Tatu alikuwa hajaanza shule.

Kipindi kile wakimbizi walikuwa wanavuka ziwa kila kukicha. Bi Zuhura akampokea ndugu yake kutoka Burundi, Mama Espe, na bintiye Espe, rika moja na Tatu. Walifika na nguo za mwilini na kuku mmoja, kafungwa kwenye kitenge.

Sasa sisi tulikuwa na tetea wetu. Kutaga anataga, kuatamia hataki kabisa. (Wafugaji mnawajua hawa.) Yule wa Mama Espe alipotaka kuatamia, mke wangu akamwekea mayai yetu. Mama Espe akasema sawa.

Hakuna aliyeuliza vifaranga wakitotolewa watakuwa wa nani.

Wakatotolewa. Espe na Tatu wakawa hawali, hawalali, ni vifaranga tu.

Mara ikaja taarifa: kesho asubuhi lori linawapeleka wageni kambini.

Hapo wakuu, nyumba ikapoa. Mke wangu anawaza, mayai ni yangu. Mama Espe anawaza, kuku ni wangu, kakonda akiwalalia. Na kila mmoja anaona aibu kusema, akidhani mwenzake ndiye kakasirika.

Asubuhi Bi Zuhura akaamua wagawane nusu kwa nusu. Wote wakaitikia bila kutazamana. Mke wangu akainama, akaanza kuwatoa vifaranga chini ya kuku.

Tatu akamshika mkono.

"Mama, usichukue. Kuku hajui kama mayai yalikuwa yako. Yeye anajua ni watoto wake."

Wakubwa wote pale, hakuna aliyekuwa amemfikiria kuku.

Espe naye akamwonea huruma rafiki yake. Akaokota kifaranga mmoja, akampa Tatu.

"Chukua huyu. Kuku hajui kuhesabu. Hatajua."

Tatu akampakata, akafikiri. Kisha akamrudisha chini ya bawa.

"Kifaranga atajua."

Mama Espe akacheka mpaka akakaa chini. Tangu afike sikuwahi kumsikia akicheka. Mke wangu naye akashindwa kujizuia, wakawa wanashikana mabega na machozi yanawatoka. Mke wangu akaleta tenga lake zuri la sokoni, akawapanga humo kuku na wanawe wote. Mama Espe akawa anarudia tu, "Urakoze, dada, asante."

Baadaye mtu kutoka kambini alituletea salamu. Vifaranga wote wamekua, ila majogoo ni wengi mno na hawalazi watu.

Nilichojifunza: sisi wakubwa tulibishana kimoyomoyo kuhusu nani ana haki. Watoto walijiuliza nani anajua nini, na nani ataumia. Na hawakukaa kikao.

Wazazi wenzangu, wanenu wamewahi kuwamalizia kesi? Shusheni zenu hapa chini. Na kama kuna mwanasheria humu, aniambie hukumu ya Tatu rufaa yake inakatwa wapi, maana mimi bado nawatamani wale kuku wa kienyeji kwenye sahani.