Ruhusa Niliyonyimwa Nikiwa Mzazi

Ofisini kwetu Changamwe, tunakoshughulikia mizigo ya watu inayotoka bandarini, karatasi zote zilihamia kwenye tovuti ya ndani ya kampuni. Kila idara ina ukurasa wake. Nani aingie na nani asiingie, nilikuwa naamua mimi peke yangu. Hata mahamri sikuyala kwa raha, simu ililia tu: "Dada, nifungulie."

Mimba ilipokuwa kubwa, nikamwomba meneja ruhusa nimkabidhi mtu kazi ile. Nikamchagua mama mmoja wa idara ya nyaraka, makamo ya mamangu, mtu asiye na papara.

"Mwanangu, na nikimfungulia asiyefaa?" akaniuliza.

"Utamfungia, mama. Hakuna kitakachovunjika."

Tukaketi bega kwa bega, nikamwonyesha pa kuongeza jina na pa kuliondoa, nani wa kusoma tu na nani wa kubadilisha. Kwa majaribio akamwondoa meneja, akamrudisha upesi, akacheka mpaka mtandio ukamteleza.

Nikajifungua mtoto wa kike. Simu ikanyamaza. Mwanzo nilishukuru, baadaye nikaanza kusononeka. Kumbe mambo yanakwenda bila mimi? Asubuhi moja, mtoto amelala, nikajaribu kuchungulia ukurasa wa idara yangu. Ukanikatalia: huna ruhusa. Nikabonyeza pa kuomba. Jibu likaja papo hapo, neno moja tu: "Nyonyesha."

Nilikasirika, wallahi. Nikampigia.

"Mama, umenitoa mimi niliyekufundisha?"

"Nimekutoa, na meneja anajua. Likizo ikiisha nitakurudisha, inshallah. Mzazi hafanyi kazi kitandani."

Jumamosi akavuka feri kuja kwetu Likoni na thamosi ya supu ya pweza. Akampakata mtoto, akamsomea dua, ndipo akaniambia kwamba kila idara sasa ina mtu wake wa kulinda ukurasa, naye anawasimamia tu. Miaka yote ile wazo hilo halikunipitikia akilini. Nikanywa supu huku nimeinamisha uso asione machozi.

Niliporudi kazini alinirejeshea kila kitu, akataka na usimamizi niuchukue. Nilikataa. Siku hizi nikihitaji ukurasa wa idara yake naomba kama wenzangu, naye huinua kichwa mezani pake: "Wa kazi gani, mwanangu?" Namweleza, ananifungulia.